Nailoni Isitolewe

Mke wangu alikufa kwenye godoro ambalo ukilibonyeza kwa kidole, kidole kinagusa chaga. Magodoro ndiyo kazi yangu, mwaka wa thelathini na moja huu, kwa hiyo sisemi kwa kusikia. Sponji ilikuwa imekwisha, limebaki jina tu la godoro. Na hatua arobaini kutoka kitanda chake, nilizipima kwa miguu yangu, palikuwa na stoo ya hospitali, na ndani ya stoo magodoro mapya sitini, yamepangwa mpaka darini, kila moja ndani ya nailoni yake. Niliyaona kupitia dirishani. Yalikuwa yanamngoja mgeni rasmi.

Nikamwendea mwenye stoo. Mtu mnene, funguo zikimlia kiunoni kila akipiga hatua, na Jumapili ni mzee wa kanisa letu, anakaa benchi la mbele. Mjini kote tulimwita Bwana Stoo.

"Bwana Stoo, mke wangu anaoza mgongo. Nipe godoro moja tu."

"Fundi, hayajazinduliwa."

"Godoro nalo linazinduliwa? Ni meli?"

"Mheshimiwa lazima akate utepe. Yakikutwa hamsini na tisa, nitajibu nini mimi? Njoo Jumatatu."

Nikaenda Jumatatu. Nikaambiwa Jumatatu nyingine. Jumatatu ya tatu nilikwenda kuchukua mwili. Siku tisa baada ya kumzika, Mheshimiwa akaja, utepe ukakatwa, watu wakapiga makofi, na yeye akapigwa picha amejinyoosha juu ya godoro, na viatu vyake miguuni.

Tangu siku ile sikukanyaga kanisani. Ugomvi wangu haukuwa na Mungu, ulikuwa na benchi la mbele. Lakini ukiacha kumtembelea mwenye nyumba kwa sababu ya mlinzi wa getini, mwisho wake unaisahau hata sura ya mwenye nyumba. Miaka miwili ikapita hivyo. Nilishona, nilikula nimesimama, nililala mkekani. Kuomba nilijaribu mara moja, nikajikuta nalaani, nikanyamaza.

Aliyebaki kunijia ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Kila Jumamosi bila kukosa, bakuli la chakula limefunikwa kwa kitambaa, na anakaa ananitazama mpaka nimalize, kama askari. Kwa hiyo nilipomwona amesimama mlangoni Alhamisi asubuhi, mikono mitupu, nikajua kuna jambo.

"Shemeji, umejaa sufi mpaka kwenye nyusi. Unafanana na kondoo aliyesahauliwa kunyolewa."

"Na wewe umekuja kunyoa?"

"Nimekuja kukuchukua. Akina mama wa kanisa tunakwenda wodini. Mito yote imepasuka, wagonjwa wanapiga chafya. Hotuba zako hatuzitaki. Tunataka sindano yako."

"Wodi ile siingii."

"Na dada yangu angekuomba, ungemjibu hivyo?"

Huo ni ukatili. Mtu akishaanza kukuomba kwa mdomo wa marehemu, huna pa kukimbilia. Nikachukua shazia, ile sindano yetu ndefu ya magodoro, nikachukua uzi na wembe, nikamfuata.

Wodi haikubadilika. Vitanda kumi na vinane, madirisha upande mmoja, dawa ya sakafu inayowasha macho. Pale muuguzi anachoma sindano na kugawa dawa. Kuosha, kulisha na kugeuza ni kazi ya ndugu wa mgonjwa. Asiye na ndugu analala alivyolazwa. Na mtu asiyejiweza anatakiwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, la sivyo nyama inakufa pale anapolalia, kidonda kinachimba, na kikishafika mfupani mtu amekwisha. Hayo nilifundishwa wodini humo, nimechelewa.

Nilikaa kwenye kigoda nikashona. Akina mama wakaosha watu, wakawachana nywele, wakawaimbia. Mto wa nne, harufu ikanifikia. Naijua harufu ile, niliishi nayo. Ilitoka kitanda cha mwisho, ukutani.

"Jumatatu," sauti ikasema kutoka huko. "Jumatatu. Jumatatu."

Shazia ikanichoma kidole.

Alikuwa amekwisha, Bwana Stoo yule. Mdomo umevutwa upande, mkono wa kulia umelala kama si wake. Nikamgeukia shemeji.

"Ulijua!"

"Nilijua."

"Na ukanileta!"

"Ningekwambia, ungekuja?" Alikuwa anakamua kitambaa, hakuniangalia. "Kiharusi kilimwangusha humo humo stoo, mwezi wa pili sasa. Kimemwachia neno moja tu. Akitaka maji ni Jumatatu, akiumwa ni Jumatatu. Mke alishatangulia. Watoto wako mbali, wanatuma salamu. Wale wakubwa aliokuwa akiwalindia magodoro hata mmoja hajachungulia. Sisi tunamwosha Alhamisi. Lakini wiki ina siku ngapi, shemeji?"

Nilicheka. Sifichi. Kicheko kilitoka kabla sijakikamata, mpaka mzee wa kitanda jirani akageuza shingo. Nikasogea, nikainama sikioni kwake.

"Njoo Jumatatu, Bwana Stoo," nikamwambia.

Akanitambua. Machozi yakamtoka kwenye jicho lile moja lililobaki na kazi. Nami sikuona huruma, niliona kiu inakatika.

Kisha jicho langu la ufundi likanisaliti. Shuka lilikuwa limeteleza, nikaona godoro. Jipya, nene, sponji ya kweli, moja ya yale sitini. Na nailoni yake bado iko juu! Imeandikwa kwa wino mweusi, herufi kubwa: NAILONI ISITOLEWE. STOO. Nikaangalia la jirani, hivyo hivyo. Wodi nzima. Mwandiko ni wake. Aliandika yote sitini kwa mkono wake ili mali ya serikali isichafuke, na kwa miaka miwili hakuna aliyethubutu kuchana.

Fundi wa magodoro yeyote angekueleza. Ngozi juu ya nailoni haipumui. Jasho halina pa kwenda, linatuama, ngozi inalainika mpaka inachubuka kwa shuka tu. Yule mtu alikuwa analowa ndani ya amri yake mwenyewe. Na wembe ulikuwa mfukoni mwangu.

Nikafunga uzi wangu nikaenda nyumbani.

Sasa niliseme hili, ambalo hata mchungaji sikumwambia.

Mke wangu hakuanzia kuugua hospitalini. Miguu ilimkataa nyumbani, akalala miezi minne kwenye godoro nililomtengenezea mimi. Bora kuliko yote niliyowahi kushona. Nilitia sufi mara mbili ya kipimo, nikaishindilia, nikaipiga fimbo mpaka ikawa ubao. Sifa yangu mjini ni hiyo: godoro la fundi huyu halibonyei. Wiki ya kwanza akaniambia, "Fundi wangu, linaniumiza." Nikamjibu, "Utalizoea. Mgongo haulazwi kwenye uji." Akasema tena. Nikakasirika, maana alikuwa anaitukana kazi yangu. Mara ya tatu hakusema. Nikafurahi, nikadhani amezoea.

Siku nilipompeleka hospitali, muuguzi alimgeuza akakuta kidonda kimeshafunguka, kipana kama kisahani cha kikombe. Akaniuliza, "Hiki kimeanza lini?"

Nikamjibu, "Hapa hapa kwenu."

Mke wangu alikuwa na saa moja tangu afike. Muuguzi akanitazama, akakifunika.

Wakubwa wana dhambi yao, sijawafutia hata nukta. Godoro moja lingeweza kumwokoa, na walimnyima kwa ajili ya utepe. Lakini shimo nililichimba mimi, wao wakakataa tu kulifukia. Nimepiga kelele miaka miwili ili nisiisikie sauti moja ikisema linaniumiza.

Godoro lile la mke wangu nilikuwa nimelisimamisha ukutani, sijalilalia, sijaliuza. Alhamisi hiyo, jua likiwa bado juu, nikalilaza chini nikakata uzi wake, mshono kwa mshono. Sufi ilitoka mabonge, ngumu kama mawe. Nikakaa naichambua kwa vidole, bonge kwa bonge, mpaka ikawa nyepesi ukiipulizia inaondoka. Nikashona mito midogo sita, nikaitia sufi kidogo kidogo, bila kushindilia. Mikono ilikuwa inakataa. Ilitaka kukaza. Kila mto nilioumaliza niliubonyeza, ukabonyea, nikalia. Nilitaka kusema, "Bwana, nirehemu," nikaishia kwenye Bwana.

Ijumaa nikarudi wodini peke yangu. Muuguzi mkuu, mama mmoja mkali tunayemwita Sista, akanikuta mlangoni.

"Fundi, leo si Alhamisi."

"Najua, Sista."

Nikaenda moja kwa moja kitanda cha mwisho, nikatoa wembe. Bwana Stoo akauona, jicho likamtoka.

"Jumatatu! Jumatatu! Jumatatu!"

Wodi ikainuka. Alidhani nimekuja kummaliza. Na mimi, mbele za Mungu, nikautazama wembe, nikaitazama shingo yake, na siwezi kusema wazo halikupita. Lilipita. Kisha nikapitisha mkono chini ya bega lake, nikamvuta kifuani kwangu kama ninavyovuta godoro zito, nikachana nailoni kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Nani kakuandikia ruhusa?" Sista akafika mbio. "Hiyo ni mali ya serikali! Husomi?"

"Kusoma kwangu ni kwa shida, Sista. Lakini mwenye amri ni huyu hapa. Muulize kama bado anaitaka."

Sista akamtazama. Bwana Stoo alikuwa ameegemea kifuani kwangu, anatetemeka.

"Jumatatu," akanong'ona.

Mzee wa kitanda jirani akapayuka, "Mimi siwezi kungoja Jumatatu! Fundi, ukimaliza hapo uje na kwangu!"

Watu wakacheka. Sista akauma mdomo. Akaweka chupa ya maji ya chumvi na pamba juu ya meza, taratibu, kama mtu anayesahau vitu. "Mimi nakwenda kuhesabu dawa," akasema. "Nikirudi nisione nailoni hata moja imezagaa sakafuni. Sipendi uchafu wodini kwangu."

Mchana huo tulichana kumi na nane, mimi na ndugu za wagonjwa.

Kisha nikakisafisha kidonda cha Bwana Stoo. Nisiwadanganye kwamba ilikuwa kama hadithi za mahubiri. Ngumi ingeingia. Chini kabisa kulikuwa na kitu cheupe, nikajua ni nini. Nikamlaza ubavu wa kushoto, mto mmoja katikati ya magoti, miwili chini ya visigino, mingine mgongoni kumzuia asirudi. Sufi ya mke wangu ikambeba. Akafumba jicho, akashusha pumzi ndefu. Pumzi ile ilipaswa kuwa ya mtu mwingine. Ilinikata vipande.

"Nisamehe," nikasema. Sikumwambia yeye. Lakini yeye ndiye aliyenishika kidole kwa mkono wake mzima, na sikukitoa.

Tangu siku ile nikawa naenda alfajiri mpaka jua linazama, kila baada ya saa mbili namgeuza, na jioni shemeji ananipokea. Daktari alipita siku ya sita. Akafunua, akafunika. Akanivuta pembeni: sumu imeshaingia damuni, homa haitashuka, tumpe maji na tusimsumbue sana. Nikamuuliza, kama tungeanza mwezi mmoja nyuma? Akasema, "Pengine." Neno hilo nalo lichukue ulipime.

Jioni ile shemeji alipokuja alinikuta nimekaa chini, mgongo ukutani.

"Daktari kasemaje?"

"Nimechelewa," nikasema. "Mara ya pili nachelewa." Halafu yote yakatoka, sikuweza kuyazuia. "Shemeji, kidonda cha dada yako hakikuanzia hapa. Kilianzia kwangu. Kwenye godoro langu. Aliniambia linamuumiza, nikamkaripia. Kisha nikawasingizia hawa. Bwana Stoo nilikuwa namtukana mpaka usingizini, kumbe..."

Nilingoja anipige. Ningeshukuru.

Akavua viatu, akaviweka chini ya kitanda, akakunja mikono ya gauni.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Shemeji, kabla hujamleta hapa, nani alikuwa anamwogesha dada yangu kule kwako? Nilikiona kidonda kikiwa wekundu tu. Nikamwambia, mwambie mumeo abadilishe godoro. Akasema, usimwambie wewe, itamvunja moyo, analionea fahari. Nikanyamaza. Na mimi nilinyamaza, unasikia?"

Nikahesabu kichwani. Jumamosi zote za miaka miwili. Lile bakuli na kitambaa juu yake. Alikuwa anajua, na bado alikaa akanitazama mpaka nimalize kula.

Bwana Stoo akaguna kitandani, homa inampanda, midomo imekauka.

"Baadaye tutalia," shemeji akasema, akipitisha mikono yake chini ya mgongo wa mgonjwa. "Saa mbili zimetimia. Inuka ushike miguu."

Nikainuka, nikashika.