Stuli ya Kitanda cha Kumi na Tisa

Saa nne asubuhi ya Jumatatu, mama yake fundi saa aliteremshwa kwa machela kutoka ghorofa ya pili hadi wodi ya chini, amekumbatia chupa yake ya chai kama mtu anayehama nyumba. Alikuwa na furaha. Katika hospitali ile, kuteremka ndiyo nafuu yenyewe.

Fundi saa, mwanawe wa pekee, hakufurahi sana, maana tofauti alikuwa ameiona kwa macho yake. Juu kabisa, kwa mahututi, kila mgonjwa alikuwa na muuguzi wake, na mashine iliyopiga kelele pumzi zikilegea. Ghorofa ya kwanza, kwa wenye kuhitaji uangalizi wa karibu, muuguzi mmoja aliangalia watatu na kuwapima kila saa. Huku chini muuguzi alikuwa mmoja kwa vitanda thelathini na sita, na vipimo vilikuwa asubuhi na jioni, Mungu akipenda. Na mapafu ya mama bado yalikuwa na tabia ya kusahau kazi kila aliposinzia.

Daktari alikuwa ameandika kwenye faili kwamba pumzi zihesabiwe kila saa. Muuguzi alisoma, akatabasamu kwa upole, akalirudisha faili mahali pake.

"Kaka, sikufichi," alisema. "Nitapita nikiweza. Kila saa siwezi."

Fundi saa aliuliza kwa nini mama hakupelekwa kwanza ghorofa ya kwanza. Akaambiwa kule hakupata nafasi hata ya siku moja, kwa sababu vitanda vyote vilikuwa na watu waliozidiwa kuliko yeye.

Kengele ya kuwatoa wageni ililia saa saba. Fundi saa alisimama, akachukua kofia yake, akapiga hatua mbili. Kivuli chake hakikusimama. Kilibaki kimeketi kwenye stuli ya kitanda cha kumi na tisa, mikono magotini. Alikisubiri kidogo, kisha akakumbuka wateja, akaondoka.

Bawabu wa getini alimtazama miguuni, akamwambia ameacha kivuli. Fundi saa akajibu kwamba kiko na mama. Bawabu akamfungulia.

Kivuli kilikuwa na subira ya mwenyewe, tena sekunde kilizijua. Kila saa ilipotimia kilionyesha vidole ukutani, kumi kwanza, halafu sita, na muuguzi aliyekuwa mwisho wa wodi akaandika kumi na sita. Taa ya pale iliachwa ikiwaka usiku kucha kwa ajili yake. Mama alikipenda. Alikisimulia habari zote za ukoo, hata zile za aibu, akasema kinamsikiliza kuliko mwenyewe.

Jumatano alasiri mama alisinzia. Vidole vikawa kumi na viwili, kisha tisa, na saa haijatimia. Vilipofika sita kivuli kiliinuka, kikajinyoosha ukutani kupita vitanda vinane, kikauangukia mkono wa muuguzi aliyekuwa akifunga kidonda. Muuguzi aliacha bandeji ikining'inia, akakimbia. Alimketisha mama, akamfungulia oksijeni, akamwita na kumwita mpaka pumzi zikarudi. Jioni mama alikuwa akilalamika kwamba chai haina sukari. Fundi saa alipoelezwa alilia palepale mbele za watu, kisha akakishukuru kivuli chake, nacho kikaona haya kidogo.

Kuanzia kesho yake wageni wengine nao wakaacha vya kwao. Kivuli cha dereva hakikutulia hata kidogo. Vya mawifi wawili viligombania stuli moja, ikabidi muuguzi avitenganishe. Mzee wa kitanda cha mlangoni hakuwa na mgeni hata mmoja, basi muuguzi akamwachia cha kwake na kumaliza zamu bila kivuli. Alisema miguu inauma vilevile.

Wiki mbili baadaye katibu wa hospitali alikuja na fomu ya kulinganisha uangalizi wa wodi zote. Alihesabu kwa uaminifu. Juu, mmoja kwa mmoja. Katikati, mmoja kwa watatu. Chini alihesabu mara mbili, akapata mmoja kwa mmoja na wifi mmoja wa ziada. Alimpongeza muuguzi kwa moyo mweupe. Muuguzi alimkumbusha kwamba tangu mwaka jana anaomba aletewe wenzake wawili.

"Dada, kwa hesabu hizi utaomba kwa uso gani?" alisema katibu, akaagiza vitanda vinne viongezwe, kila kimoja na stuli yake.

Mama aliruhusiwa Ijumaa ya wiki hiyo. Fundi saa alikigusa kivuli chake begani, nacho kikasimama, kikanyoosha mgongo. Kabla hawajamaliza kufunga mizigo, kitanda kilikuwa kimeshapata binti aliyeteremshwa kutoka juu, ambaye ndugu zake wote walikuwa mbali. Mama alimtazama yule binti, akaitazama stuli tupu.

Getini bawabu aliwatazama miguuni, kwanza mwana, kisha mama. Akamuuliza mama chake kiko wapi.

"Kiko kazini," alisema mama. "Wakiajiri mtu nitakuja kukichukua."

Bawabu alifungua komeo. Jua la saa tano lilikuwa limewaka, na saruji chini ya miguu yake ilikuwa nyeupe tupu.

"Nenda tu kapumzike, mama," alisema, bila kinyongo. "Changu kiko wodi ya watoto tangu mwaka juzi."