Damu Niliyoizika Kwenye Barafu

Siku mdogo wangu Byamungu alipotuacha, mimi nilikuwa Kasongo, nimekaa kwenye benchi la maabara, na damu yake ikipimwa ndani. Ilikuwa mara ya pili.

Kansa ilianzia kwenye figo, ikafika kwenye mapafu. Dokta Yvette wa hospitali ya Kasongo alikuwa ametuambia wazi kwamba dawa iko, lakini si kila mwili unaifaidi. "Tupime damu kwanza. Ikionyesha ugonjwa haujakaza sana, naagiza dawa Kinshasa."

Byamungu hakuweza tena kukaa juu ya pikipiki. Muuguzi Josué akamtoa damu palepale kijijini kwetu Wamaza, akanipa chupa. "Ibebe kwenye baridi, mama. Ifike kabla ya saa sita."

Mimi nauza samaki wa barafu. Kwa miaka kumi na moja najua kwamba kinachofunikwa na barafu hakiozi. Nikaizika chupa katikati ya barafu kama ninavyozika samaki, nikapanda pikipiki.

Majibu yalikuwa mabaya. Kipimo kinachoonyesha jinsi seli zinavyovunjika mwilini kilikuwa juu mno. Kwa kipimo hicho, dawa isingemsaidia. Lakini Dokta Yvette aliinua chupa dirishani. Maji yanayobaki juu damu ikitulia, ambayo huwa ya manjano, yalikuwa mekundu.

"Mama Léontine, damu hii uliibebaje?"

"Kama samaki, dokta."

Akafumba macho. "Imegeuka barafu. Seli zimepasukia njiani, si mwilini mwake. Tuanze upya."

Siku mbili zikapotea. Nilipomweleza Byamungu, alicheka mpaka kikohozi kikamkamata. "Yaya, dada yangu wewe! Si ungenitia na chumvi kabisa!" Akanyoosha mkono. Josué alitafuta mshipa muda mrefu.

Safari hii niliifunga chupa kwa kitambaa, isiguse barafu. Nilimwomba mwendeshaji apite mashimo polepole, na moyoni nilitaka aruke.

Saa tano Dokta Yvette akatoka na karatasi. "Kimeshuka, mama. Dawa tunaagiza leo."

Simu yangu ililia kabla sijajibu. Alikuwa Josué. Alitaja jina langu, kisha akasema Byamungu ametuacha.

Dokta anasema siku mbili zile zisingebadili kitu. Mimi sijui.

Sasa watoto wake wawili wanakaa kwangu. Mkubwa anaanza mwaka wa tano wa shule Jumatatu.