Mikebe ya Owor

Taaka alikuwa na hasira mpaka kooni. Afunge kibanda chake cha samaki wa omena pale Busia siku ya soko, apande gari mpaka Tororo, halafu akae kwenye benchi kumtazama mwanaume mzima na ndevu zake akipanga mikebe mitupu sakafuni! Hiyo nayo ni tiba gani, jamani?

Mwanaume huyo ni Owor. Kazi yake ni kusaidia watoto wenye tabia ngumu, na dawa yake ni michezo, basi. Hana sindano wala kidonge. Mtoto ni Jovia, binti wa Taaka, miaka saba na mkono mwepesi ajabu. Ukimgusa, anapiga. Ukimchelewesha, anapiga. Juzi alimpasua mwenzake mdomo kwa kugombania zamu ya kuruka kamba, na Mwalimu Damalie akasema wazi: Jumatatu akipiga mtu tena, atafutiwe shule nyingine. Shule nyingine ipi? Zote za karibu zilikwisha kumkataa. Na majirani nao, kila Taaka akipita, ni "mtoto umleavyo ndivyo akuavyo". Wamlee wao basi!

"Tunajenga mnara," Owor alimwambia Jovia taratibu. "Ukiisha, tunangoja. Nikisema 'haya', unaubomoa."

Jovia hakujenga wala hakubomoa. Alikunja mikono, akatulia kama yuko mbele ya padri. Owor akajenga peke yake mpaka mwisho, kisha akageuka.

"Mama Jovia, umemwambia nini huyu mtoto?"

"Nimemwambia akinitia aibu hapa, leo atanijua."

"Mimi adabu ya kuogopa sitaki. Nataka kuona mkono wake unavyokimbia, ndio niufundishe kungoja. Na nyumbani, mnacheza naye kama nilivyokuomba?"

"Tunacheza," Taaka alidanganya. Acheze saa ngapi? Mwanamke mzima akae chini na vazi lake la gomesi apange mikebe, watu wamwone? Si wangesema amerukwa na akili!

Owor alimtazama tu, na kule kutazamwa kukamchoma. Taaka akasimama.

"Daktari, mimi nimechoka! Nyumbani anabomoa, nawe unamfundisha kubomoa! Hapa anajifanya malaika, Jumatatu mimi nampeleka wapi? Hebu nikuonyeshe anavyofanya!"

Akapandisha gomesi, akaupiga mnara teke. Mikebe ikatawanyika chumba kizima.

"Hivi! Ndivyo anavyofanya!"

Kisha Jovia akaangua kicheko, akacheka mpaka akashika tumbo. Akatambaa chini ya meza kuokota mikebe, akaanza kuipanga upya, mmoja juu ya mwingine, ulimi umetoka nje kwa bidii. Taaka, hasira haijampoa, akainua mguu tena.

"Bado, mama," Jovia alisema bila kugeuka. "Ngoja niseme 'haya'."

Taaka akangoja, mguu hewani. Mtoto akaweka mkebe, akauondoa, akaurudisha. Lo, alivyochelewa! Taaka akawaza kibanda kilichofungwa, akamwaza Mwalimu Damalie, akawaza Jumatatu. Mguu ukaondoka wenyewe.

Mnara ukaporomoka.

Jovia akageuka ameukunja uso, mkono umekwisha kupaa. Taaka aliujua mkono ule. Akafumba macho, akalikaza shavu.

Kofi halikuja. Alipofumbua macho, mkono wa mtoto ulikuwa bado juu. Ukakaa hapo, ukakaa, halafu ukashuka polepole mpaka kwenye mkebe uliokuwa karibu. Owor hakusogea hata hatua moja.

"Mama," Jovia alisema, sauti imejaa machozi, "hukungoja."

Taaka akamtazama Owor, na Owor akatazama dirisha.

"Sasa jenga wewe," Jovia akamwambia, akimnyooshea mkebe. "Mimi nitangoja."

Taaka akakaa sakafuni na gomesi lake, akaupokea.