Kisanduku cha Benjamini

Mimi ni Sylvester, mwana wa Mihayo, mwana wa Kapera. Kapera alikuwa kirangozi, yule atanguliaye msafara. Mara saba aliwaongoza wapagazi kutoka Unyanyembe hadi pwani, na jina lake liliheshimiwa katika kila kambi. Mihayo alikuwa katekista, na neno lake lilipokelewa barazani bila shahidi. Mimi nilikuwa mwalimu mkuu hapa Tabora kwa miaka ishirini na sita. Nayaeleza haya ili ijulikane kwamba kosa nitakalolisimulia halikutoka katika nyumba ya wazembe.

Katika ukoo wetu, siku ya kuondoa matanga, mwanamume mkubwa kuliko wote huwasoma marehemu wetu kwa sauti. Huanza na aliyezikwa karibuni, akapanda hadi mzizi wa ukoo. Akimaliza, maji humwagwa kizingitini na usomaji umefungwa. Haufunguliwi mpaka afariki mwingine.

Daftari la majina lililiwa na mchwa. Kwa hiyo mdogo wangu Xavery alipofariki, mjukuu wangu Dafrosa, ambaye kazi yake mjini ni kutengeneza kurasa za mtandao, aliyahamishia majina mia tatu na kumi na mawili kwenye ukurasa wa simu, kila jina katika kisanduku chake. Niliamuru mzizi ukae juu, kama ulivyokuwa daftarini, na kila marehemu apewe nafasi kwa kadiri ya maisha yake. Kapera alipata sifa ndefu. Mihayo alipata picha. Benjamini, mtoto wa kwanza wa dada yangu Mektilda, aliyeishi siku tisa, alipata mstari mmoja.

Dada alikuwa na umri wa miaka themanini na minne. Hakuwa na picha ya mtoto huyo, na kaburi lake lilikwisha kulimwa na watu wasiojua. Katika kila usomaji aliinamisha kichwa akiungoja mstari ule, na ukishasomwa ndipo alipokiinua.

Wiki moja kabla ya matanga, Dafrosa aliniletea simu.

"Shikamoo, mume wangu."

"Marahaba, mke mvivu. Umemaliza?"

"Nimemaliza, ila tujaribu pamoja. Simu haichori majina yote kwa mpigo, itaelemewa. Inachora yanayoonekana kiooni tu. Mengine inakisia urefu wake mpaka uyafikie. Nimeshuka nayo toka Kapera mpaka babu Xavery, haikutikisika. Ninyi huwa mnasomaje?"

"Kusoma ni kazi yangu."

"Najua, lakini babu..."

"Nimesoma mbele za watu tangu mama yako hajazaliwa. Sijaribiwi na mtoto wa juzi."

Akacheka. "Haya, mwalimu mkuu. Ukifeli usiseme hukufundishwa."

Siku ya matanga ndugu walijaa uani, wengine wametoka mbali kama Ulyankulu. Nilianza chini kabisa, nikapanda. Majina mafupi yalipita salama mpaka nilipomsoma Amon. Juu ya Amon alikuwapo Benjamini, na juu ya Benjamini, Mihayo. Dafrosa alinieleza baadaye kwamba simu ilikuwa imekisia kisanduku cha Mihayo kuwa na urefu usiozidi upana wa vidole viwili. Nilipovuta ukurasa, picha ilifunguka, kisanduku kikarefuka kuliko kiganja, kikavisukuma vya chini yake nje ya kioo.

Niliuona ukurasa ukiruka. Nakiri kwamba niliuona. Lakini watu walikuwa wananitazama, na sikutaka wamwone mzee akipapasa simu. Nikasoma, "Mihayo," nikaendelea hadi Kapera. Maji yakamwagwa.

Watu walipoinuka kwenda kula, dada alibaki mkekani, kichwa kimeinama. Nilimwendea kumsaidia kusimama.

"Sylvester, mwanangu hukumsoma."

"Nilisoma kilichokuwa mbele yangu, dada."

"Yuko wapi, basi?"

"Yumo. Ukurasa uliruka tu."

"Kama yumo, msome. Watu bado wapo. Ni jina moja tu."

"Maji yamekwisha kumwagwa."

Alinitazama. "Mgongo huu ndio uliokubeba ukilia. Leo unanisomea sheria."

Dafrosa alikuja mbio. "Babu, kosa ni langu. Nilijaribu kwa kushuka, sikujaribu kwa kupanda. Bibi, ngoja, nampata sasa hivi." Nilimwamuru anyamaze. Machozi yakamtoka. Dada alichukua mkongojo wake akaondoka bila kula.

Jumapili iliyofuata Dafrosa alikuwa amekwisha kuutengeneza ukurasa: sasa hupima kila kisanduku kabla ya kukionyesha, na hulishikilia mahali pake jina linalosomwa. Alinionyesha bila utani wowote.

Mektilda alifariki mwezi wa tano. Siku ya matanga yake nilipanda kutoka chini, na ukurasa haukutikisika. Nilimsoma Benjamini kwa sauti iliyofika barabarani. Jina la aliyemngoja miaka yote ile ndilo la kwanza nililolisoma siku hiyo.

Sasa sikieni, vijana wa ukoo huu. Anayetengeneza aupitie ukurasa kwa njia ileile atakayoipita msomaji, hata mzee akimkemea. Anayesoma akiuona umeruka, asimame, arudi nyuma, aibu impate palepale. Na mkigundua mmemwacha mtu, hata maji yawe yamekauka kizingitini, fungueni usomaji upya. Mimi nilikataa. Ninawataka ninyi mtii.