Disketi ya Donka

Naapa kwa masharubu yangu, mali pekee ambayo sijaigawa kwa wajukuu, kwamba kila neno la habari hii ni kweli tupu. Yule mbuzi aliyekula waya wa simu wa kiwandani, akawa siku tatu anapokea salamu kutoka mji mkuu, Sofia, hayumo humu, ingawa naye ni kweli. Na nikiongeza chumvi mahali, ni ile tu ya kupitisha tonge kooni.

Mimi ni Minko. Nilikuwa fundi umeme wa kiwanda cha samani miaka thelathini na minne, na hakuna aliyenifundisha. Umeme wenyewe ulinifundisha, kwa viboko. Kompyuta nilijifunza hivyo hivyo. Kila asubuhi mimi na rafiki yangu Zapryan hukaa meza ya nje ya mkahawa, mkabala na jumba la kusomea, tukabishana hadi saa ya supu.

Septemba ile ubishi ulikuwa wa matangazo. Zapryan alikuwa na simu mpya, na akafanya kosa moja: aliuliza mtandaoni bei ya dawa ya magoti.

"Tangu siku hiyo," akasema, "nikitazama hali ya hewa, magoti. Nikitaka kujua nani kafunga goli, magoti. Jana nafungua picha ya mjukuu wangu, mtoto wa watu yuko Hispania anapuliza mishumaa, chini yake nini? Magoti!"

"Unapenda vya bure," nikamwambia. "Nani akulipie? Tangazo ndilo linalokulipia."

"Tangazo ni lile pale." Akanyoosha kidole kwenye nguzo ya umeme.

Nguzo zetu zimevaa watu, wale waliotutoka. Siku arobaini tangu kifo, nusu mwaka, mwaka, miaka mitano: karatasi moja, picha juu, jina, chini maneno machache ya waliobaki.

"Lile halinifuati mpaka chooni," akasema Zapryan. "Limekaa palepale. Ukimtaka marehemu unakwenda, unavua kofia, unasoma, unaondoka. Halikuulizi umri, halitaki neno la siri. Hata Minko anaweza kulisoma."

Akacheka, kisha akaacha ghafla. Akaingiza mkono mfukoni mwa koti akatoa disketi, zile za zamani, nyeusi, za mraba. Juu yake palikuwa na karatasi yenye mwandiko niliokuwa naujua: *Donka*.

"Tarehe ishirini na nane anatimiza miaka kumi kaburini," akasema. "Nimeipata ndani ya mashine yake ya kushonea. Miaka kumi naweka maneno yangu chini ya picha yake, Minko, na yote yananuka mimi. Mara hii nataka yawe yake. Sina sauti yake, sina barua. Hatukuwahi kuachana siku mbili, angeniandikia nini? Nina hii."

Donka, marehemu mkewe, alikuwa mtunza vitabu wa jumba lile la kusomea, na ndiye wa kwanza mjini kwetu kuandika kwa kompyuta. Sasa kazi yake anayo Bilyana, binti wa miaka thelathini na kitu, na wakati huo huo akawa anapita na funguo zake. Aliitazama disketi, akauliza mwaka, akauliza programu.

"Mzee Zapryan, chupa zako za kusindikia akiba ya majira ya baridi ulizitoa wapi?"

"Nyingine sokoni, nyingine za mama mkwe."

"Na vifuniko?"

"Chochote. Kifuniko ni kifuniko."

"Basi. Ni kwa sababu watu walikaa wakakubaliana upana wa mdomo, wakautangaza kwa kila kiwanda. Hicho ndicho kiwango huria. Programu aliyoandikia mama Donka ilikuwa na mdomo wake peke yake. Mwenye vifuniko alishafunga duka, kipimo akaondoka nacho."

"Basi tuivunje chupa," nikasema.

"Ukiivunja, mzee Minko, utakula vioo. Niachieni mimi, kuna watu nitawauliza. Ila itachukua muda."

Hapo ndipo ulimi wangu ulipotoka bila kuniaga. Nikasema mimi nimefufua transfoma kwa ngozi ya soseji, disketi ni nini? Nikasema sitaki wiki, nataka siku tatu. Nikasema nikishindwa, nitamenya pilipili hoho zote za moto za lyutenitsa ya Zapryan, ile rojo ya pilipili na nyanya anayoiweka chupani kila msimu, peke yangu, bila glavu.

"Umesikia, Bilyana?" akasema Zapryan. "Wewe ni shahidi." Lakini disketi akanipa mimi. "Minko alimjua," akamwambia yule binti, kana kwamba anaomba radhi.

Siku ya kwanza niliingiza disketi kwenye kompyuta yangu kuukuu. Faili lilikuwemo, moja tu, limebeba jina lake. Nikalifungua, nikaona visanduku, alama za kuuliza na vikia vya herufi, kama kuku aliyekanyaga wino. Siku ya pili nilipata tovuti inayojisifu kugeuza maandishi yoyote kuwa yoyote. Ilikuwa na vitufe saba vya kijani vilivyoandikwa PAKUA. Cha kwanza kilinipeleka kwa wapandikiza nywele. Cha tatu kikanipongeza kwa kuwa mgeni wa milioni moja, na nakiri nilijisikia vizuri kidogo. Kufikia siku ya tatu kompyuta ilikuwa inataka kuniozesha wajane watatu "wa karibu nawe", na mmoja wao nilimfahamu: ni yule wa tangazo la mafuta ya alizeti.

Siku ya nne Zapryan akagonga mlango. Amenyoa, amevaa koti la harusi za watu. Hakuniuliza kama nimeweza.

"Amesemaje?" akauliza.

Wewe ungejibu nini? Mimi nilisema printa imepata moto, aje kesho. Alipoondoka nikakaa jikoni, nikavuta pazia ili jua lisinione, nikaandika. Asidhani mtu kwamba ilikuwa kazi. Hilo ndilo lililonitisha: nimezoea kutunga huku nikijikuna kichwa, lakini siku ile mkono ulikwenda wenyewe, sikufuta hata neno. Niliandika hivi:

*Nikitangulia, usiyafunge madirisha. Nakumbuka theluji ikianguka mlangoni pa jumba la kusomea, koti langu la kijani limelowa mabegani, nawe ukanishikia mlango bila kusema neno. Nimeishi maisha yangu yote ndani ya mlango ule.*

Zapryan aliporudi nilimpa karatasi pamoja na disketi yake. Alisoma amesimama. Alisoma tena amekaa. Kisha akaikunja karatasi mara nne kama noti, akaiweka upande wa moyo. Kesho yake akaniletea rakia yake, pombe kali ya plamu, ile anayoificha hata kwa daktari. Sikuifungua. Mimi! Hapo yeyote anijuaye angetambua kuna jambo.

Karatasi arobaini zikachapwa, zikabandikwa mji mzima. Wanawake walisimama mbele ya duka la mikate wakifuta macho. Na mimi nilikuwa napita njia ya nyuma, ya mtoni, maana kila nguzo niliyokutana nayo ilikuwa inanisoma.

Wiki ile Zapryan hakuja mkahawani. Siku ya tatu nikamfuata. Nilimkuta sakafuni, magoti yale ya matangazo yamekunjwa chini yake, amemwaga picha zote kutoka kwenye maboksi ya viatu.

"Silioni," akasema.

"Nini?"

"Koti. Koti la kijani. Miaka arobaini na mmoja ya ndoa, Minko, mke wangu ananikumbusha siku tuliyokutana, na mimi simo. Mimi nakumbuka Mei. Nakumbuka cheri, alikuwa na matunda hayo ndani ya gazeti, akanipa, nikameza kokwa kwa woga. Yeye anakumbuka theluji." Akaniangalia kama mtu aliyepotea ndani ya nyumba yake. "Kama lile sikulishika, ni mangapi mengine nimeyaacha? Nani kati yetu hakuwepo?"

"Uzee," nikasema.

Mungu anisamehe. Nilisema uzee, nikamsaidia kuokota picha.

Sasa, Zapryan kwa kuogopa kusahau zaidi, akaichukua disketi akampelekea Bilyana, amtengenezee nakala ambayo haitapotea. Mimi sikujua. Siku ya nane tangu karatasi zibandikwe nimekaa mkahawani peke yangu, nawaona wanavuka barabara pamoja. Bilyana hakunitazama usoni. Aliweka karatasi mezani.

"Nimeipeleka kwa watu wanaotengeneza programu huria," akasema. "Hawanijui, siwajui, na hawajadai hata senti. Kuna mmoja alikipata kipimo cha mdomo ule. Limefunguka lote."

"Soma," Zapryan akaniambia.

"Sina miwani."

"Iko juu ya kichwa chako. Soma, mwongo wee."

Nikasoma.

*Akiba ya baridi. Pilipili hoho nyekundu kilo arobaini, kwa Ruska, si sokoni. Nyanya kilo kumi na tano. Karoti tatu tu, Z. hapendi utamu. Kitunguu saumu: Z. anasema hali. Anakula. Weka vichwa sita, usimwambie. Chupa hamsini na mbili. Vifuniko: azima kwa Minko, anavyo vingi na hana cha kufunika.*

Hapakuwa na kingine. Niliirudisha karatasi mezani.

"Vichwa sita!" akasema Zapryan. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na kwa muda sikujua kama analia au anacheka, nadhani hata yeye hakujua. "Miaka yote namwambia saumu hainipendi. Miaka kumi natengeneza lyutenitsa bila saumu, nasema mbona haina ladha yake, mbona haina ladha yake! Vichwa sita, shetani wa mwanamke!"

Bilyana akaondoka taratibu akaenda kufungua jumba lake. Tukabaki wawili.

"Ilikuwa Mei," akasema Zapryan.

"Ilikuwa Mei."

"Cheri."

"Cheri, ndiyo."

"Kwa hiyo sikusahau."

"Hukusahau hata kidogo."

Akavuta pumzi, ndefu, kama mtu aliyeshushwa gunia. Nilidhani atanipiga, na ningemsogezea shavu. Badala yake alisema, "Zile karatasi zote zitoe. Wewe mwenyewe, mchana, watu wakikuona. Si zake zile, ni zako. Ubandike mpya nitakazokupa. Na Jumamosi saa mbili asubuhi uje kwangu. Glavu uache nyumbani."

Nilizunguka na ndoo na kisu cha kukwangulia siku mbili nzima. Wanawake wa duka la mikate waliniuliza nafanya nini, nikawaambia nalipa. Karatasi mpya zilikuwa na picha ile ile, na chini yake mstari mmoja: *Z. anasema hali. Anakula.* Watu walivua kofia, wakasoma, wakacheka kwa sauti mbele ya marehemu, kisha wakakaa pale pale muda mrefu kuliko walivyokaa kwenye ile yangu. Fundi anajua kazi iliyomzidi akiiona.

Jumamosi nikaenda. Kilo arobaini, kutoka kwa binti wa Ruska. Tanuri mbili za umeme uani, pilipili hoho zinaingia ngumu zinatoka zimelegea, na ngozi yake ikiwa moto hushika vidoleni kama aibu. Zapryan alikuwa anatwanga saumu, vichwa sita, amevihesabu mara mbili. Vifuniko nilikuja navyo mimi, kikapu kizima, na kila kimoja kilikubali kila chupa.

Tulifanya kazi hadi gunia la pili. Vidole vyangu vilikuwa vimeshakuwa vyeusi.

"Lile koti," akasema, hakuinua uso. "Lilikuwepo?"

Nilikuwa na majibu hamsini tayari, yote mazuri kuliko la kweli.

"Lilikuwepo. Aliliuza kabla hujaja mjini."

"Vifungo?"

"Vikubwa, vya mbao. Cha juu kilikuwa kimelegea, akawa anakishika kwa kidole."

"Na wewe ukamshikia mlango."

"Nikamshikia."

"Akasemaje?"

"Akasema asante."

Alingoja. Nadhani alinijua kwa miaka mingi mno kuamini kwamba habari yangu inaweza kuwa fupi hivyo.

"Basi?"

"Basi, Zapryan. Ndiyo yote niliyokuwa nayo."

Akatwanga kidogo, akaacha. Kisha akanisogezea beseni jingine, limejaa, linatoa moshi.

"Mimi sikuwahi kumwona kwenye theluji akiwa msichana," akasema. "Ilikuwa nyingi?"

"Ya kufika vifundo vya miguu," nikamwambia. Kwa mtu mwingine ningeifikisha kiunoni.