Pampu Isiyosikika Kwenye Simu

Kazi yangu ni kupokea hasira za wenye mafriji. Kampuni inauza mafriji na mashine za kufulia, na chochote kinachogoma huko majumbani kinaishia sikioni mwangu, maana kutwa nzima nimevaa hedifoni. Wengi kosa lao ni moja: hawakupima. Mtu ananunua friji la milango miwili, linafika kwake linakwama mlangoni, basi mwenye makosa ni mimi. "Mlango uliupima, mheshimiwa?" nauliza kwa sauti tamu. Namsikia anaita watu wamletee tepu. Hapo ndipo napata raha kidogo ya siku yangu.

Nilirudi kazini mtoto akiwa na miezi minne. Baba yake yuko machimboni, mbali, anarudi kila baada ya miezi mitatu, na mtandao wa huko ukituhurumia tunaonana kwenye simu Jumapili. Mama yangu mzazi alishatangulia. Mtoto akabaki na mama mkwe, ambaye, nisimsingizie, ni mwema kuliko ninavyotaka awe. Angekuwa mbaya ningegombana naye nikapumua.

Hofu yangu ilikuwa moja na naisema wazi: maziwa yakikata, mtoto hatakuwa na haja na mimi. Kuogeshwa anaogeshwa na bibi, kubebwa anabebwa na bibi, kubembelezwa ni bibi. Kilichobaki changu peke yangu ni ziwa. Asiyekuwapo na lake halipo, walisema wahenga, na mimi kutwa sipo.

Ndiyo nikaenda duka la dawa kutafuta pampu ya kukamulia. Mwenye duka, baba mmoja mpole wa makamo, akanipangia tatu juu ya kioo. Ya kwanza ya mkono: unaminya, unaachia, unaminya, unaachia. "Na mkono wa kuandikia nikaazime wapi?" nikamuuliza. Ya pili ya kuchomeka ukutani, ina nguvu, ila alipoiwasha ikanguruma kama mashine ya kusaga. Kazini kwetu simu zinarekodiwa. Mteja angedhani namjibu nikiwa kinuni. Ya tatu ndogo, ya kuchaji, inakaa ndani ya sidiria bila mrija wala waya. Hapo moyo ukatulia.

Lakini mimi siuziwi mbuzi kwenye gunia. Nikampigia simu yake, nikaishika pampu kifuani juu ya nguo, ikiwa imewashwa, yeye nikamtuma akasikilize nyuma ya rafu.

"Unasikia nini?"

"Nakusikia wewe, dada."

"Na kingine?"

"Feni."

"Feni iko huko kwako. Pampu?"

"Hapana, pampu siisikii."

Nikaichukua. Wakati anafunga akauliza saizi ya faneli, ile plastiki inayokaa kwenye chuchu. Zipo ndogo, za kati na kubwa. "Ulipima?" akasema, macho yapo kwenye boksi.

Nilipandwa na hasira sijui kwa nini. Tangu nijifungue, sidiria zangu za zamani zote zimeshajiuzulu. "Baba, huoni mwenyewe? Au nikuchoree?" Maskini ya Mungu, aliinama, akatia kubwa kwenye mfuko.

Kazini tuko watu arobaini chumba kimoja na hakuna anayeongea na mwenzake. Kila mmoja anaongea na mtu asiyemwona. Jirani yangu tunamwita Redio kwa jinsi asivyonyamaza, lakini hata yeye akianza kunihadithia jambo taa ya simu inawaka, hadithi inakufa. Wiki ya kwanza nilikuwa najifunga mtandio, naiwasha pampu, naendelea na wateja. Ikijaa naenda stoo ya mafriji yaliyorudishwa, ambako kuna moja zima la wafanyakazi, naweka chupa yangu kati ya vyakula vya watu. Mtu mmoja aliandika kwenye kikaratasi: "Haya si ya chai." Ndiyo maongezi marefu kuliko yote niliyopata mwezi ule.

Wiki ya kwanza nilipeleka nyumbani chupa moja na nusu kwa siku. Ya pili, moja. Ya tatu, nusu, tena nikisaga meno kwa maumivu. Chuchu zilichubuka hadi maji ya kuoga yakanitoa machozi. Nikirudi jioni mtoto akinisogelea, mwili wote unaruka. Basi nikawa hata jioni nakamua kidogokidogo kwa mkono, anapewa kwa chupa. Wiki nzima, kisha ya pili. Nilijiambia vidonda vikipona nitamweka.

Mama mkwe aliona. Siku moja nikakuta kopo la maziwa juu ya kabati, halijafunguliwa.

"Hili la nini, mama?"

"La akiba, mwanangu. Yakikata hakuna wa kukulaumu. Mwili si bomba."

"Hayajakata!"

"Sijasema yamekata. Ila Ijumaa kama hazijafika chupa mbili, nitalifungua. Mjukuu wangu hatalala na njaa kwa ajili ya ubishi wetu."

Angesema kwa kejeli ningemjibu. Alisema akinipakulia chakula. Nililia bafuni, maji yakiwa yamefunguliwa, na sikuwa na wa kumpigia ila mmoja. Nilimpigia baba mtoto, simu haikupatikana. Nikamwandikia: maziwa yanakata. Jibu lilikuja kesho yake mchana: "Pole mke wangu, kula vizuri."

Jumatano nilipewa mapumziko yangu ya dakika ishirini nikaenda stooni. Nikakaa kwenye boksi tupu katikati ya mafriji mabovu, kila moja na lebo yake ya ugonjwa, nikaanza kupanga vipande vya pampu nivirudishe dukani, maana nilishakata tamaa. Chini kabisa ya boksi la pampu kulikuwa na kijitabu. Sikuwahi kukifungua. Mimi! Mimi ambaye kila siku ya Mungu nawaambia watu wazima, "Tafadhali soma kijitabu kwanza, mheshimiwa."

Ukurasa wa tatu: kinachopimwa ni upana wa chuchu. Ukubwa wa ziwa hauhusiani. Faneli ikiwa kubwa inavuta nyama ya pembeni, inachubua, na maziwa hupungua siku hadi siku.

Loo! Mganga hajigangi. Nikachukua tepu ya mafundi, ile wanayopimia migongo ya mafriji, nikajipima pale pale huku nikicheka peke yangu kama mwehu. Ilikuwa saizi ndogo. Ndogo kabisa! Kicheko kikageuka kilio, kisha kengele ya mapumziko ikalia nikarudi kuvaa hedifoni.

Jioni nikaenda kwa yule baba wa duka la dawa. "Nimepima," nikamwambia, na sauti yangu ilikuwa ya mtoto aliyevunja sahani. Hakucheka. Akanipa ndogo, na marhamu ya vidonda juu yake.

Alhamisi chupa moja, bila maumivu. Ijumaa saa nane mchana zilikuwa mbili, zimejaa hadi kwenye mstari. Mbili! Nilitaka kumwambia mtu. Redio alikuwa anagombezwa na mteja. Baba mtoto hapatikani. Msimamizi alinipita akiangalia saa yake. Taa yangu ikawaka, baba mmoja analalamika friji lake linagandisha mboga.

"Nimepata chupa mbili," nikamwambia.

"Chupa mbili za nini?"

"Samahani, mheshimiwa. Friji lako umeliweka namba ngapi?"

Njiani nilizikumbatia zile chupa pamoja na mfuko wake. Vidonda vilikuwa vimefunga. Nilikuwa nimeshapanga kila kitu kichwani: nitanawa, nitakaa kwenye kiti cha dirishani, nitampokea mwanangu, na zile chupa mbili ziingie kwenye friji, ziwe za kesho, maana leo mwenye ziwa amerudi mwenyewe.

Mama mkwe alizipokea akapiga kigelegele cha chini chini, asimshtue mtoto. Akalichukua lile kopo akalisukuma nyuma kabisa ya kabati. "Umenishinda," alisema, na furaha yake ilikuwa ya kweli. "Haya, mchukue."

Nikakaa. Nikamweka. Alilishika ziwa mara moja, akaliachia. Akalishika tena, akanitazama kama mtu aliyeingia nyumba siyo, akageuza uso. Nikamrudisha taratibu. Akajipinda mgongo, akapiga yowe ambalo sijawahi kumsikia nalo. Nikambadilisha upande, nikamwimbia, nikamwita majina yake yote ya kubembelezwa. Ziwa limejaa, linamdondokea shavuni, naye anatafuta kwa macho kule sauti ya bibi yake inakotoka. Wiki mbili tu nilizompa chupa, na alishazoea bila mimi.

"Nipe kidogo," mama mkwe akasema.

Nikampa. Akapasha chupa moja, akamlaza kwenye mkono wake ule ule anaolalia kila siku. Mtoto alinyamaza hata kabla ya kunywa. Akanywa maziwa yangu yote, jicho lake halikubanduka usoni kwa bibi yake, na mkono mdogo umeshika kidole cha bibi. Mimi nimesimama pembeni, vifungo wazi, blauzi imelowa.

Mama mkwe akainua macho akaniona. Aliniona vizuri kabisa, naapa, na alichosema alikisema kwa upendo.

"Usijitie wasiwasi, mwanangu. Wewe kamua tu. Sisi wawili huku hatuna shida."

Nikasema ahsante, mama. Nikaingia chumbani kukamua.