Kopo la Samli

Miaka minne Benta alikuwa akitengeneza vioo vya darubini ya eksirei, itakayopanda na setilaiti kutazama nyota zinazokufa, na sasa dhahabu ilikuwa inabanduka. Vioo vyenyewe ni vibati vyembamba vilivyopakwa dhahabu, maana kioo cha kawaida eksirei hukipenya kama haikioni. Sita kati ya ishirini vilikuwa vimeharibika, na wakubwa wake wakasema dhahabu isiposhika kufikia Ijumaa, setilaiti itaondoka bila darubini. Halafu eti aende nyumbani apumzike siku mbili tatu. Pumziko gani hilo? Akafika kwao Masara na uso wa mtu aliyefiwa.

Mama yake, Pauline, hakuwa na muda wa uso huo. Alikuwa ameinamia karai, anaosha mchanga wa mgodini kutafuta dhahabu, kazi iliyomsomesha huyo huyo Benta. Akachota sabuni ya unga, akanyunyiza ndani.

"Sabuni ya nini, Mama?"

"Nyathina, mwanangu, umesoma mpaka umesahau? Mchanga huu umetoka karibu na mashine, una girisi. Dhahabu ikipata mafuta haishiki chini. Inaelea, inaenda zake."

Benta akaitazama mikono yake. Laini, inang'aa. Dawa za maabara zilikuwa zinampasua ngozi, kwa hiyo kila asubuhi aliipaka samli ya mama yake, kisha akavuta glavu kwa vidole hivyo hivyo, mafuta yakabaki juu yake. Na vile vibati sita ni yeye mwenyewe aliyevifuta vumbi kabla ya kupakwa dhahabu. Alijiona mjinga kabisa, na hapo hapo mzigo ukamtoka kifuani, maana sasa alijua pa kuanzia.

Akampigia Onchiri, mwenzake wa maabara kule Nairobi.

"Osha vile sita kwa spiriti, uvipake upya. Mikono yako iwe mikavu. Usiniulize."

Alhamisi Onchiri akapiga. Alikuwa amebandika selotepu juu ya kila kibati na kuivuta kwa nguvu, aone kama itabandua dhahabu.

"Selotepu imetoka safi, Benta. Hata chembe ya dhahabu haina. Vyote sita."

Benta akaketi kwenye nyasi, akalia kidogo, akacheka, kisha akamweleza mama yake kila kitu, na habari ya samli pia.

Pauline akaingia ndani, akafungua begi la bintiye, akachomoa kopo jipya la samli alilokuwa ameshalifunga kwa nailoni.

"Basi hili nitapikia mboga," akasema, sauti imeshuka.

"Lirudishe, Mama," Benta akasema. "Visigino navyo vinapasuka."